Jedwali la Maji ya Fedha

1

Nilipochomeka mita kwenye chungu cha Mama Wende na kuona mshale unakimbia mpaka sitini, nilitamani kukipiga teke chungu chenyewe, halafu nimgeukie aliyekipika.

"Sitini," nilimwambia. "Mama Wende, nani kakwambia sitini?"

"Hakuna aliyeniambia. Umeme unajipandia wenyewe."

"Haujipandii. Hapa kwenye waya palikuwa na kidhibiti. Kidude chekundu, kidogo kama punje ya harage. Kiko wapi?"

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kanga kaifunga kiunoni, anakoroga maji taratibu kwa mwiko. Akanionyesha kwa kidevu rafu iliyo juu ya mlango. Vidhibiti vyangu vyote kumi na viwili vilikuwa ndani ya kikopo kimoja, vimeshaanza kuota vumbi. Nilivitengeneza kimoja kimoja kwa mkono wangu masika mazima, nikavigawa bure kwa wapishi wote wa kijiji chetu cha Lwangu, na leo navikuta vyote vimekusanywa hapa, vimekaa kama vifungo vya shati vilivyokosa shati.

"Vinachelewesha," alisema. "Ukiweka kile kidude, maji yanalala saa nzima hayajaamka. Watu wamepanga foleni na vikombe. Unataka niwaambie nini?"

"Waambie wasubiri."

"Wewe hukai hapa, Twilumba. Kuwaambia watu wasubiri ni rahisi ukiwa hukai nao."

Hilo lilikuwa kweli. Mimi ni fundi wa paneli za jua, na wiki tatu nilikuwa milimani kwenye viwanda vya mbao. Nilirudi asubuhi ile na kumkuta mama yangu ana uso wenye rangi ya sufuria kuukuu. Kijivu, na kwenye mashavu kijivu kinachoelekea bluu. Sikukaa hata kunywa chai. Nilichukua mita nikaja moja kwa moja kwenye kilabu hiki, ambacho zamani kilipika pombe ya komoni na sasa kinapika maji ya fedha, ambayo watu wanakunywa kama dawa.

Ukutani, kwa rangi ya mafuta ya kijani, lilikuwepo jedwali langu. Wamelipaka upya mara mbili. Juu yake wameandika jina langu kwa herufi kubwa kuliko za kanisani.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Unatumbukiza vijiti viwili vya madini ya fedha, yale yale ya pete na vipuli, unavipitishia umeme wa jua, na umeme unapopita unamenya fedha kidogo kidogo na kuiachia majini. Miliampia moja ikipita saa moja, maji yanapokea miligramu nne. Zidisha umeme kwa saa, zidisha kwa nne, gawanya kwa lita. Chungu cha lita ishirini, miliampia kumi, saa tano: unapata miligramu kumi kwa kila lita. Nililiandika jedwali hilo miaka mitatu iliyopita kwa sababu watu walikuwa wanapika kwa kubahatisha. Mmoja anaacha waya tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, mwingine anafunga betri ya trekta. Nilidhani nikiwapa namba nitawapa usalama.

Nikainama kwenye chungu cha pili, ambacho maji yake yalikuwa yamegawiwa asubuhi. Theluthi nzima ilikuwa imebaki chini, ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo.

"Haya mbona hujayamwaga?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini anavaa nguo. "Si kianzio?"

"Kianzio cha nini?"

"Cha chungu cha kesho. Kianzio kikiwepo, maji yanaamka mara moja. Umeme unapanda wenyewe."

Hapo nilielewa, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Mama Wende amepika komoni miaka ishirini, na mama yake alipika kabla yake. Mpishi wa pombe haanzi na chungu kitupu hata siku moja. Chachu ya jana ndiyo inayoamsha pombe ya leo, na anayesugua chungu mpaka kikatakata huyo si mpishi, ni mwosha vyombo. Nilikuwa nimefikiria betri, waya, mawingu na ukubwa wa vijiti. Sikufikiria kwamba jedwali langu litaingia mikononi mwa watu wanaojua kupika kuliko mimi.

Nikachukua mkaa nikaandika ukutani, chini ya jina langu. Sitini kwa saa tano, mia tatu. Mara nne, elfu moja mia mbili. Gawanya kwa lita ishirini, sitini. Lakini theluthi ya jana imo ndani, na ndani ya hiyo imo theluthi ya juzi, na ya siku iliyotangulia juzi. Ukizijumlisha zote unafika tisini.

"Tisini," nilisema. "Jedwali linasema kumi. Mnawanywesha watu mara tisa."

Mama Wende aliusoma ukuta polepole. Hakuwa mjinga, na wala hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Basi rekebisha jedwali," alisema. "Weka na safu ya kianzio. Si wewe ndiye mwenye hesabu?"

Na ningeweza. Kwa nusu saa tu ningeweza kuandika safu mpya: theluthi ya kianzio, pika dakika kadhaa, robo ya kianzio, pika dakika kadhaa. Watu wasingegeuka kijivu tena. Wangeendelea kunywa wakiwa na ngozi nzuri, na wangeendelea kufa kwa yale yale waliyodhani wanayatibu. Nilikitupa kipande cha mkaa chini nikaondoka.

2

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, mguu ameunyoosha juani, anachambua maharage kwenye ungo. Jembe lilimkata juu ya kifundo siku tisa kabla. Kitambaa cha kidonda kilikuwa kimeloweshwa maji ya fedha. Nilikifungua, na harufu ikanipiga. Kutoka kwenye kidonda mstari mwekundu ulikuwa umepanda mpaka karibu na goti.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Leo umekuja na uso wa polisi."

"Twende Kituo cha Dozi. Sasa hivi."

"Kufanya nini?"

"Kutumia Haki yako iliyobaki."

"Haki yangu ina mwenyewe," alisema, akaendelea kuchambua.

Mwenyewe ni Lusungu, binti wa marehemu kaka yangu. Mtoto alipata nimonia mara tatu kabla hajatimiza miaka miwili, na mara tatu dawa ikatolewa, kwa hiyo Haki zake Tatu zikaisha kabla hajajua kusema asante. Kila mtu huzaliwa na tatu tu. Mababu zetu walimeza dawa za vijidudu kwa kila mafua, wakakatiza dozi katikati, wakawapa na kuku, mpaka vijidudu vikazizoea. Zikabaki dawa chache zenye nguvu, na waliotunga sheria wakakaa kwenye viti vyao vizuri wakaamua kwamba binadamu atatibiwa mara tatu maishani, basi. Mkubwa anaruhusiwa kumwachia mdogo Haki yake. Mdogo hawezi kumpandishia mkubwa. Na mtoto hapokei urithi huo mpaka afike miaka saba. Lusungu alikuwa amebakiza miezi minne.

"Mama, miezi minne huna. Kwa mstari huo, siku nne huna."

"Nakunywa maji. Kikombe kila asubuhi, mwezi wa kumi na nne huu sijaruka hata siku. Tena maji yenye hesabu yako." Alisema *yako* kwa fahari. Alikuwa anaulizwa sokoni, wewe si ndiye mama yake Twilumba wa jedwali, na alikuwa anarudi nyumbani anatembea kama ana viatu vipya.

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nilikuwa na hasira na sheria, na vijidudu, na Mama Wende na kianzio chake, lakini aliyestahili hasira ile kuliko wote alikuwa amevaa viatu vyangu.

"Mama, yale maji hayatibu."

Mikono yake ikasimama. "Hesabu ni ya uongo?"

"Hesabu ni ya kweli. Inasema fedha kiasi gani imo ndani ya maji. Haisemi kama fedha hiyo itakuponya. Kwenye kisahani inaua vijidudu, niliona kwa macho yangu. Ukiinywa, haifanyi kitu. Mzee Kihwele wa kule juu alikunywa mwezi mzima, kipimo sahihi kabisa, nilimpimia mwenyewe. Akafa kwa jino. Jino, mama, na Haki mbili hajazigusa."

"Ulijua tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Na mimi nilianza kunywa lini?"

Mwaka uliofuata. Alijua.

"Nilikwenda kilabuni na kopo la rangi," nilisema, "niandike chini ya jedwali kwamba haitibu. Nikakuta wamelipaka upya na kuandika jina langu. Wakanipigia makofi. Nikarudi na rangi yangu."

Mama akaendelea na maharage. Alikuwa anatupa mazima na kubakiza yaliyotobolewa na wadudu, na hakuona. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepumua.

"Nina Haki mbili," nilisema. "Siku Lusungu akitimiza miaka saba nitamwachia moja. Nakuapia. Wewe tumia yako leo."

"Kiapo chako kina uzito gani leo, mwanangu?"

"Hakina. Lakini mguu wako unaoza."

Akaweka ungo pembeni. "Niinue," alisema. "Na usinishike kama mgonjwa, majirani wanatazama."

3

Aliyetupeleka ni Mama Wende. Alikuwa na guta la umeme, la magurudumu matatu, la kusambazia maji, na alikuja nalo bila kuitwa, vyungu amevishusha.

Kituo ni chumba kimoja chenye benchi, chumba cha kitanda kwa nyuma, na ukutani Msomaji: sanduku jeupe lenye tundu la kidole. Unaingiza kidole, mwanga unapenya ukucha, unasoma damu yako na kukutambua, kisha unahesabu Haki zako na kutoa dawa. Mhudumu wake, Bwana Mtewele, ni mtu mzima mwenye sauti ya chini, kama mtu anayekaa na mgonjwa siku zote.

Mama aliingiza kidole gumba.

"Ukucha hausomeki," Msomaji ukasema.

Akajaribu cha shahada. Hausomeki. Vidole vyote kumi. Bwana Mtewele aliushika mkono wake akaugeuza dirishani. Kucha zilikuwa na rangi ya anga la mvua, kutoka shinani mpaka ncha.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, bila kejeli. "Fedha ikikaa chini ya ukucha inazuia mwanga. Huyu ni wa kumi na nane mwezi huu."

"Na hao kumi na saba?" niliuliza.

"Walirudi nyumbani."

Kumi na saba. Nilishika benchi. Tulimlaza mama kwenye kitanda cha nyuma, maana homa ilishaanza kumtetemesha, na nikarudi kwa yule mtu nikiwa tayari kung'oa lile sanduku kwa kucha.

"Fungua utoe dawa kwa mkono."

"Haifunguki kwa mkono. Usinitazame hivyo, dada, si mimi niliyeiunda." Alisita. "Njia ipo moja. Msomaji unaweza kuongeza mwanga ukiambiwa fedha iliyomo mwilini ni kiasi gani. Lakini tangu niletwe hapa hakuna aliyewahi kunipa namba. Nawauliza, wananiambia kikombe. Mashine haijui kikombe."

"Namba ninayo."

"Iwe imetolewa na aliyetengeneza hayo maji, au aliyetoa kipimo chake, na aithibitishe kwa ukucha wake. Na sheria unaijua. Mtengenezaji wa tiba batili anapoteza Haki zake zote zilizobaki, hapo hapo."

Kisha akamtazama Mama Wende, ambaye alinuka moshi na vyungu toka mlangoni. Na mimi nikamtazama. Nani aliyetoa vidhibiti? Nani aliyeacha kianzio? Kama angefuata jedwali, kucha za mama zingesomeka mpaka leo. Hiyo ni kweli, na nikaishika ile kweli kwa mikono miwili kama mwizi aliyekuta mlango wazi.

"Weka kidole, Mama Wende," nilisema. "Wewe ndiye uliyepika."

Alinitazama. Nilijua ana Haki moja tu na watoto watano. Hakubisha. Akaufuta mkono kwenye kanga akaingiza kidole.

"Ukucha hausomeki."

Bila shaka haukusomeka. Mpishi gani haonji chungu chake? Alikuwa anaonja kila kimoja, kila siku, kabla hajampa mtu. Akakitoa kidole, akakiangalia, halafu macho yake yakashuka kwenye mikono yangu iliyokuwa imeshika benchi.

"Hebu nione zako," alisema.

Nilichelewa kuzificha. Kucha zangu zilikuwa safi, zenye rangi ya waridi, kama za mtoto wa siku saba.

"Kumbe wewe," Mama Wende alisema taratibu, "hujawahi kunywa."

"Sijawahi."

"Hata tone."

"Hata tone."

Alikaa kwenye benchi kama mtu aliyekatwa miguu. Hakunitukana na yeye. Siku ile hakuna aliyenisaidia kwa tusi.

Kutoka chumba cha nyuma nilisikia meno ya mama yanagongana. Niliwaza Lusungu na miezi yake minne, na kifua chake kinachopiga filimbi kila kipupwe. Nikitia kidole, Haki zangu mbili zinakwenda, na ile niliyoapa juu ya mkeka saa mbili zilizopita inakwenda nazo. Nisipotia, mama anakufa chumba cha pili, na mtoto anabaki na urithi, maana hata mimi niliyesababisha yote nitakuwa na Haki zangu zote mbili, na kucha nzuri. Nilitafuta njia ya tatu. Nimezoea kutafuta, fundi hakosi waya wa kuzungushia. Nilitazama lile sanduku juu na chini, na halikuwa na waya hata mmoja.

Mtoto ni mzima, ana miezi minne ya kutafutiwa kitu kingine. Nilijiambia hivyo. Sijui mpaka leo kama nilifikiri au nilijitetea.

"Nipe karatasi," nilimwambia Bwana Mtewele.

Nikaandika. Miligramu tisini kwa lita. Kikombe ni robo lita, ishirini na mbili na nusu. Siku mia nne ishirini na tano. Elfu tisa mia tano na zaidi zimepita mdomoni. Mwilini hubaki kama sehemu moja ya kumi. Miligramu mia tisa hamsini na sita. Kwa miaka mitatu hesabu ile haikumponya mtu hata mmoja, na sasa ndiyo ingemponya mama yangu, kwa kupima sumu niliyompa.

Niliingiza kidole. Mwanga ukapita mara moja, bila taabu.

"Twilumba Mgaya. Haki zilizobaki: mbili," Msomaji ukasema. Kisha, baada ya kupokea namba: "Haki zilizobaki: hakuna."

Bwana Mtewele alimleta mama kwa kumshika kwapani. Mara hii mwanga ulitoka mkali mpaka kidole kikang'aa chekundu kwenye kingo, na sanduku likadondosha kichupa kidogo kiganjani mwake. Mhudumu alimchoma sindano ya kwanza pale pale, akatukabidhi nyingine za siku sita. Kisha akaichukua karatasi yangu akaikunja vizuri.

"Hao kumi na saba," alisema, "majina yao ninayo. Kama bado wapo, utanikokotolea?"

"Leo leo. Leta majina."

4

Wakati wa kurudi, mama alilala kwenye sanduku la guta, kichwa mapajani pangu, orodha ya Bwana Mtewele ndani ya mfuko wangu wa shati. Mama Wende aliendesha bila kugeuka. Tulipofika kwenye miti ya mianzi akasema, "Rangi ya kijani imebaki nusu kopo."

"Nitakuja nayo mwenyewe. Nitaandika kesho asubuhi, watu wakiwa foleni."

"Watakupiga."

"Wanipige."

Aliendesha mpaka mteremko ukaisha. "Vyungu nitavisugua," alisema kwa shida, kama mtu anayekiri kuua.

Mama alifumbua macho. Homa ilikuwa haijashuka, lakini alikuwa na akili zake.

"Hesabu imetoka?" aliuliza.

"Imetoka, mama."

"Na Haki ya Lusungu? Ipo?"

Mama Wende alipunguza mwendo. Alikuwepo, alisikia kila kitu, na sasa alikuwa anasubiri kusikia nitasema nini. Asubuhi ile ile, juu ya mkeka, nilidhani nimemaliza kumdanganya mama yangu.

"Ipo," nilisema.

Akafumba macho, akashika vidole vyangu vyenye kucha safi, akalala.